Sura ya Kah Wai

Bi Saripah aliangusha sinia la glasi mlangoni mwa nyumba yake ya wageni, wala hakuinama kuokota vigae. Macho yake yalianza kwenye uso wa mgeni, yakaliangalia begi kubwa la mgongoni, kisha yakateremka hadi miguuni na kukaa huko kitambo, kana kwamba anahakikisha nyayo zile zimegusa sakafu.

"Umerudi," alisema kwa Kimalei cha visiwani, kwa sauti ya chini.

"Mimi siye, mama," alijibu Yoke Leng. "Mimi ni dada yake. Pacha wake."

Maneno hayo alikuwa ameyarudia njia nzima aliyopita kaka yake kabla yake, tangu alipotoka kwao Ipoh, hata yakamchujukia mdomoni. Kule Penang, muuza chai mmoja aliyeitwa Nazeer alimtengea chai ya tangawizi isiyo na sukari kabla hajaagiza chochote. "Leo unajifanya hunijui?" alimtania. "Matusi yako ya Kikantoni nilimjaribia shemeji yangu. Mpaka leo hatusemezani." Yoke Leng alicheka hadi machozi yakamtoka, na machozi yakaendelea kumtoka kicheko kilipokwisha. Kule Langkawi, mwanamke mwenye kukodisha miwani ya kuogelea alimgombeza kwa kuondoka bila kuaga. Kila ufuko aliofikia, watu walimpokea kwa jina lisilo lake.

Na ndugu huyo waliyemsimulia, Yoke Leng hakuwahi kumjua. Kah Wai wa nyumbani alikuwa kijana wa kuinamia vikombe katika mkahawa wa baba yao, mwenye majibu mawili tu: ndiyo, na sijui. Kumbe aliimba. Kumbe alitania wazee. Wageni walikula tunda, nyumbani wakabakiwa na ganda. Uchungu wa jambo hilo ulimla Yoke Leng taratibu kuliko hata uchungu wa kufiwa. Alikwishakata nywele zake fupi kama za kijana yule; ni kwa sababu ya joto, alijiambia. Siku nyingine, kioo cha dirisha la basi kilipomrudishia uso wake, alijikuta anataka kuuamkia.

Miaka miwili nyuma, alfajiri moja, Kah Wai alizikunja nguo zake kwenye mchanga wa kisiwa hiki akaingia kuogelea. Hakuonekana tena. Mama yao akakataa katakata jina lake kuwekwa madhabahuni pamoja na wahenga. "Mtu hana kaburi, utamwitaje marehemu?" Basi kila ulipoingia mwezi wa saba wa Kichina, Wachina wa Ipoh walipowalisha wafu wao, hata mizimu ya watu baki isiyo na wenyewe, Kah Wai peke yake hakuwa na sahani: hakula na walio hai wala na waliokufa. Mwaka huu mama alishindwa kuvumilia. Alimkabidhi binti yake shati la kijana, akamwagiza: nenda pale maji yalipomchukua, litandaze, mwite kwa jina, mwambie twende nyumbani.

"Kufa?" alisema Bi Saripah walipoketi jikoni. Mvua za msimu zilikuwa zimewafukuza wageni wote, na nyumba nzima ilinuka chumvi na mbao mbichi. "Kijana aliyekula wali wangu sahani tatu hafi kirahisi hivyo. Yuko mahali. Chumba chake sijampa mtu."

Mume wake, Heem, mwenye mashua ya kubebea watalii, aliingia akitafuta chakula. Alipomwona Yoke Leng, aliweka sahani chini na kutokea mlango wa nyuma.

"Usimjali," alisema Bi Saripah. "Tangu ndugu yako apotee, amekuwa mtu wa kuongea na injini tu."

Asubuhi Yoke Leng alimfuata penye mikoko, akamkuta ameinamia injini hiyo.

"Kaka Heem, kwa nini unanikimbia?"

"Sikukimbii wewe."

"Unamkimbia nani?"

Heem alijifuta grisi mikononi, akarudia tena palipokwisha takata. "Nifuate," alisema hatimaye. "Ila usiniulize kitu mpaka tufike."

Walipanda kilima katikati ya miti ya mpira, wakatokea kwenye makaburi ya Waislamu yanayotazama bahari. Majani yalikuwa yameyafunika mengi. Moja tu, la pembeni kabisa, lilikuwa safi, udongo wake umelainishwa kama kitanda kilichotandikwa. Halikuwa na jina, ila jiwe la pwani lililosimamishwa kichwani.

"Nilimkuta kwenye mikoko, siku nyingi baada ya kupotea," alisema Heem. "Bahari ilikuwa imeshachukua uso. Mkuu wa kijiji akasema ni maiti iliyotoka baharini, azikwe upesi. Tukamwosha, tukamvika sanda, tukamsalia. Hatukujua kwenu mnafanyaje." Aling'oa jani changa lililochipukia kando ya jiwe. "Mkononi alikuwa na uzi mwekundu. Mke wangu ndiye aliyekuwa amemfunga, kwa mikono yake."

"Hukumwambia?"

"Kila asubuhi nilisema, leo. Naingia jikoni, namkuta anawatajia majirani siku kijana atakayorudi. Namwambiaje?"

Yoke Leng alitarajia hasira; alikuwa ameibeba kutoka Ipoh, tayari kumtwika yeyote. Lakini alipoitafuta, alikuta mahali palipokuwa na hasira pameachwa wazi. Alitoa ubani na shati begini, akasita.

"Hapa hatuchomi," alisema Heem. Kisha akaigeukia bahari, akampa kisogo. "Ila mimi natazama mawimbi. Sioni kitu."

Yoke Leng alilitandaza shati juu ya udongo. Aliita jina mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, moshi ukilala ubavuni mwa upepo. Yalibaki yale maneno mawili ya mama: twende nyumbani. Aliutazama udongo ule uliopaliliwa na mkono wa mtu asiyemjua, akawakumbuka Nazeer na mwanamke wa Langkawi, na maneno yakagoma kutoka. Alipiga magoti karibu na jiwe.

"Kama unapapenda," alinong'ona, "kaa. Nitamwambia mama mimi mwenyewe."

Hakujua atamwambiaje.

Aliporudi, Bi Saripah alikuwa kisimani. Aliuona udongo mwekundu magotini mwa suruali ya binti yule, akaishusha ndoo taratibu.

"Amekupeleka."

Yoke Leng alitafuta uongo wa haraka, asiupate.

"Kila Ijumaa baada ya sala," alisema Bi Saripah, akikamua kitambaa ambacho maji yake yalikwisha zamani, "mume wangu huchukua jembe akaniaga kwamba anakwenda kupalilia shamba. Sisi hatuna shamba, mwanangu."

Mvua ilianza tena, ndogo, juu ya majani ya migomba. Ng'ambo ya ua zilisikika ndara za Heem zikipanda ngazi.

Bi Saripah aliinama karibu, akashusha sauti. "Usimwambie kwamba najua. Akijua, Ijumaa atakwenda wapi?"