Kipande Kilicholala Majini

...wala macho hayawashi, kifuniko cha kopo kiko wazi na macho makavu, na mama daktari kule chumba cha pili anauliza tena, "Pua, kile kipande cha uvimbe wa dada yako kiliingia fomalini saa ngapi?", saa nane jana, ndiyo, saa nane na dakika tano, si alikipokea mwenyewe mlangoni pa upasuaji, akamfukuza tarishi, damu yangu naibeba mwenyewe, akakimiminia dawa ya kukizuia kuoza kutoka... dumu lipi, yako mawili, la fomalini na la maji, yote meupe, hayana maandishi, maana Pua, ndivyo wanavyomwita humu maabara, haandiki, kuandika ni kwa wasiojua kunusa, pua hii, aliwatambia wenzake, inanusa fomalini ng'ambo ya mito saba, kumbe miaka ishirini ya fomalini imeitafuna mpaka imebaki kigingi cha miwani, anainama mpaka ncha inalowa, hamna kitu, maji, maji matupu ya bomba, usiku kucha nyama ya dada inaharibika humo polepole... nakuja mama, natafuta kalamu, kalamu iko mkononi, amwage maji, atie fomalini sasa hivi, aandike saa nane, nani atajua, kipande kitakakamaa, kitakatwa vyembamba kuliko kope za sisimizi, watakipaka kingamwili za kutambua huu uvimbe ni wa aina gani, na kingamwili zitakosa pa kushika, kioo cha darubini kitabaki hakina rangi, mama daktari ataandika hakuna alama, na dawa ambayo ingemfaa dada hatapewa, basi, atakwisha hivihivi na karatasi zote zimenyooka... dada aliyekikimbia kisu mara mbili, aliyesema, "Nakatwa mara moja tu, kaka, ya pili mnizike nayo", naye akamcheka, kikifika mikononi mwangu hata shetani hakigusi, ndipo akakubali, hakuwasikiliza madaktari, alisikiliza mdomo huu, na huyo hapo nje kwenye benchi, amekuja kubadilishwa bandeji, anamsimulia mwenzake kwamba kaka yake ndiye mkubwa humu, mama daktari anamsaidia tu, wanacheka, anacheka ameshika kidonda... viatu vya mama daktari vinasogea, kalamu iko hewani, karatasi bado nyeupe pale penye saa, na mdomo wa Pua, mdomo usiowahi kukosa neno, unajaribu bila sauti, dada, unajaribu tena, dada, itabidi ukatwe upya, kosa ni langu...