Mkate Ulioingia Mafuta ya Taa

Serikali ilipofunga kaunti tano kwa ajili ya korona, Mwihaki alijua safari ya Mombasa imekufa. Lakini Bisil iko huku huku Kajiado, mwendo wa saa moja na kitu kutoka kwao Kitengela, na Naeku, aliyefundisha naye shule moja miaka sita, alikuwa amemwambia mara nyingi, "Kujeni mpige hema kwetu. Hapa ni upepo tu na ng'ombe." Basi Ijumaa wakafunga virago: yeye, mumewe Irungu, na binti yao Shiro wa miaka minane.

Siku ya kwanza ilikuwa tamu. Shiro alishikamana na mama mzazi wa Naeku, mama mzee ambaye kila mtu alimwita Koko, yaani nyanya kwa Kimaasai, wakinyonyesha wana-kondoo kwa chupa. Jioni Irungu alimmiminia Koko chai, wakapiga gumzo bila barakoa, kana kwamba ugonjwa umebaki Nairobi.

Jumamosi mchana Mwihaki alifungua buti la gari atoe mkate. Harufu ilimrudisha nyuma. Mafuta ya taa ya stovu yalikuwa yamemwagika, mkate umeloa upande mzima. Akageuka kutafuta kitambaa. Alipotazama tena, Irungu alikuwa ameshamega kipande, anatafuna.

"Baba Shiro! Huo mkate umeingia mafuta!"

"Mafuta gani?" Aliuinua mpaka puani, akavuta pumzi. Akavuta tena. Taya lake likaacha kutafuna.

"Tangu lini husikii harufu?" Mwihaki aliuliza.

"Hata chai ya asubuhi sikuisikia ladha. Nilidhani ni mafua." Akateremsha sauti. "Sikiza. Tuseme umepata simu ya kazi, tuondoke polepole. Tukisema hii kitu, watatuonaje?"

Mwihaki alitaka kukubali. Mkono wake ulikuwa tayari umeshika kifuniko cha buti. Ng'ambo ya boma, Shiro alikuwa amemwegemea Koko, kichwa kwenye kifua chake, kifua kile cha mama mzee kilichokuwa kikipiga mluzi kila alipopanda kilima.

Alivaa barakoa, akaenda mbio, akasimama hatua kumi kutoka kwao.

"Shiro, toka hapo."

"Mum, huyu kondoo bado ananyonya…"

"Nimesema toka!"

Mtoto akaangua kilio. Naeku alitokea mlangoni akipangusa mikono. Mwihaki akamwambia yote, maneno yakigongana. Naeku hakupiga kelele, na hilo lilimuumiza Mwihaki zaidi.

"Jana Irungu alikaa na mama masaa mangapi?"

"Karibu mawili."

Naeku aliingia ndani, akamshika mamake mkono na kumpeleka chumba cha nyuma. "Endeni," alisema bila kugeuka.

Walirudi Kitengela na madirisha ya gari wazi, vumbi likiingia. Vipimo vya Irungu na Mwihaki vilionyesha korona. Shiro alikuwa salama. Shangazi yake Caro akamchukua. Kila asubuhi Mwihaki alipiga simu Bisil. Iliita mpaka ikakatika.

Siku ya saba ukaja ujumbe mmoja: *Mama ana joto.* Kesho yake mwingine: *Tuko hospitali. Amewekwa oksijeni.*

Irungu aliusoma, akaketi ukingoni mwa kitanda, akajifunika uso. "Na mimi nilitaka tunyamaze," alisema. Mwihaki hakumfariji. Hata yeye alikuwa amekaribia kunyamaza.

Siku kumi na moja zilipita hivyo tangu ujumbe wa hospitali, simu ikilala kiganjani mwa Mwihaki. Ya kumi na mbili, Shiro akiwa amesharudi kutoka kwa Caro, ikaita.

"Mama ametoka hospitali," Naeku alisema. Sauti yake ilikuwa imechoka. "Tulikuwa tunampima asubuhi na jioni tangu mwondoke. Joto lilipopanda tu, tukamkimbiza."

"Naeku, nisamehe."

Mbuzi walisikika kwa mbali.

"Niko na hasira bado, Mwihaki. Msikuje kwanza."

"Sawa."

"Shiro yuko? Koko amenisumbua tangu jana, anataka kumsalimia."

Mwihaki akamwita mtoto, akampa simu.