Ndama Aliyepewa Jina

Mwalimu Deolinda Ayala alionywa mapema, na heri hilo lisemwe tangu mwanzo, asije mtu akadai kuwa hakujua. Asubuhi ya kwanza pale ghubani, miguu ya walimu waliokuja kusaidia utafiti ikiwa bado imevimba kwa basi lililowatoa Paraguay hadi kusini ya mbali ya Argentina, mkuu wa utafiti aliwasimamisha juu ya genge linalotazama maji akawapa amri mbili. Kwanza, kila mtu afunge kofia yake kwa kamba, maana upepo wa huko hauna adabu. Pili, ndama wa nyangumi hapewi jina mpaka atoke ghubani na mama yake kwenda bahari kuu. Kabla ya hapo ataitwa kwa namba.

"Namba? Kwani ni wafungwa?" aliuliza Mwalimu Wilfrido Cáceres. Huyu alikuwa mwenzake Deolinda kutoka shule moja, mwalimu mzee wa darasa la sita asiyeweza kuuona ukimya akauacha upite salama.

"Namba haiwekewi matanga, profesa," alijibu mkuu huyo, Daktari Norma Pugliese, kwa neno ambalo huko huitwa mwalimu yeyote, akaanza kugawa darubini.

Deolinda alisikia, akaelewa, akaitikia kwa kichwa. Kisha akaenda kufanya kile ambacho mwalimu yeyote wa watoto wadogo angekifanya. Watoto wa darasa la kwanza hawafundishiki kwa namba. Kule kwao Potrero Yvoty, kijiji ambacho maji yake makubwa ni kijito cha kuvuka kwa kukunja suruali, kila kitu cha darasani kilikuwa na jina. Fagio aliitwa Kasilda. Ramani iliyochanika aliitwa Don Crispín, na siku ilipochanika zaidi watoto walimpa pole. Hivyo ndivyo walivyojifunza kufagia na kutopanda juu ya meza kuifikia ramani, na mkaguzi yeyote aliyecheka aliondoka akikiri kuwa darasa lile lilikuwa safi kuliko ofisi yake.

Kazi ya walimu pale gengeni ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kuifanya: kukaa kwenye baridi, kutazama nyangumi majike waliokuja kuzalia kwenye maji matulivu, na kusema kila ndama alikuwa wapi na anafanya nini. Kila Ijumaa asubuhi Deolinda alipiga simu shuleni. Ña Eduvigis, mwalimu mkuu aliyemshikia darasa, aliiweka simu juu ya meza na kuongeza sauti, na watoto waliosongamana kuizunguka wakaisikiliza bahari wasiyoijua.

Ijumaa ya kwanza aliwasimulia habari za ndama mmoja mwenye baka jeupe mgongoni, kama mtu aliyemwagiwa maziwa.

"Anaitwa nani, profe?" aliuliza Nilda, msichana wa dawati la mbele.

Hapo ndipo angesema namba. Badala yake akasema, "Chagueni ninyi."

Kulikuwa na minong'ono, kisha Nilda akasema, "Tumwite Blasito."

Blasito alikuwa mtoto wa darasa lake. Homa ya dengi ilimchukua mwezi wa nne, akiwa na miaka sita, na dawati lake mpaka leo hakuna aliyethubutu kulikalia. Na mama yake, Marciana, ndiye aliyekuwa akiwagawia watoto maziwa na mkate asubuhi, kwa hiyo alikuwa mlemle darasani. Deolinda alisikia vikombe vikinyamaza.

"Nilda, mwanangu, labda jina jingine..."

"Mwache tu, profe," ilikuja sauti ya Marciana kutoka nyuma. "Ni jina zuri. Kwani limeharibika?"

Nani angekuwa na moyo wa kulikataa? Likapita. Wilfrido, aliyekuwa kando akipuliza vidole, aliacha kupuliza akamtazama Deolinda.

Tangu siku hiyo Blasito wa ghubani akawa mtu wa Potrero Yvoty. Watoto walitaka kujua kama ameoga, kama amemtii mama yake, kama bahari haimtishi. Marciana naye alianza kwa utani. "Huyo mtoto wangu anakula lakini?" aliuliza, na watoto wakacheka. Ijumaa iliyofuata aliuliza tena, na safari hii hakuna aliyecheka. Iliyofuata alikuwa wa kwanza kuisogelea simu.

"Ananyonya, Marciana," alisema Deolinda. "Amenenepa."

"Huko baridi, eti?"

"Baridi kali."

"Mama yake anamkinga?"

"Anamkinga. Anakaa upande wa upepo."

Marciana akashusha pumzi kama mtu aliyepokewa mzigo. Deolinda alikata simu akiwa na furaha na hofu, vyote viwili kifuani, akajiambia kwamba ndama akishatoka tu ghubani mambo yatakuwa yamekwisha salama. Ataenda zake bahari kuu na jina lake, na hakuna atakayemwona akizeeka.

"Unacheza na moto, dada," Wilfrido alimwambia siku hiyo wakinywa tereré, chai baridi ya kwao. Watu wa pale walikunywa majani yao kwa maji ya moto na waliwatazama hawa wawili wakitia maji ya barafu katikati ya upepo ule kana kwamba wametoroka mahali fulani. "Umempa mwenye njaa harufu ya chakula."

"Na wewe ulikuwapo. Mbona hukunizuia?"

"Mimi? Mimi huchekesha watu tu, na hata hilo hunishinda."

Shida ililetwa na shakwe. Ndege hao wa ghuba ile walikuwa wamejifunza ufedhuli: nyangumi akiibuka kuvuta pumzi, wanatua mgongoni mwake na kumdonoa nyama akiwa hai. Jike zima lina unene wa kuvumilia. Ndama hana, na kwa sababu ni lazima aibuke mara kwa mara, hana pa kujificha. Siku moja Deolinda aliona kwenye darubini kwamba lile baka jeupe limekuwa jekundu. Alikimbia kwa Daktari Norma bila kofia.

"Tuwafukuze! Tuna mashua, tuna filimbi!"

"Tukimfukuzia huyu, mashua itamtenga na mama yake, na hapo tutakuwa tumemuua sisi," alisema daktari. Hakusema kwa ukali. "Kazi yetu ni kuona, profesa. Najua ni kazi mbaya."

Ijumaa hiyo Deolinda alisema ndama amechoka kidogo. Marciana aliuliza, "Homa?" na Deolinda akajibu kwamba nyangumi hawapati homa ya vile. Ukweli wa maneno ulikuwapo, lakini moyo wake ulimshitaki mchana kutwa.

Jumatano maji yalipokupwa walimkuta ufukweni, amelala ubavu kwenye changarawe. Jike lilikuwa karibu sana na nchi kavu, karibu kuliko ilivyokuwa salama kwake, likienda na kurudi, na kutoka kifuani mwake ulitoka mngurumo mzito wa chini uliosikika hadi juu ya genge. Ndama aliyekufa ana faida zaidi kwa sayansi kuliko aliye hai, ndivyo ulimwengu ulivyo, na walimu waliitwa kusaidia kupima kabla maji hayajarudi. Deolinda aliombwa kushika mwisho wa utepe upande wa kichwa. Aliushika. Ngozi ilikuwa laini kama mpira uliolowa, na jicho lilikuwa dogo, dogo mno kwa mwili ule, limefumba nusu. Daktari alipotaja namba ya ndama ili mwenzake aiandike, Deolinda alitamka jina kwa sauti, hakujizuia, na daktari akasubiri mpaka alipomaliza kulia ndipo akaendelea kupima.

Wilfrido hakufanya utani wowote siku ile. Kesho yake ndipo alipomjia Deolinda jikoni mwa kambi na kuketi mbele yake.

"Nimemwona ndama mwingine," alisema. "Yuko karibu na rasi. Ana baka jeupe. Si palepale, lakini ni baka."

Deolinda alielewa kabla hajamaliza. "Hapana."

"Nisikilize kwanza. Watoto hawajawahi kumwona, wala hawatamwona. Huyo wa rasi ni mzima, mnene, wiki mbili tatu ataondoka zake. Unasema Blasito amepona. Unasema Blasito ameenda na mama yake. Unamdhuru nani?"

"Ni uongo, mzee wangu."

"Ni uongo wa heri! Yule mama amezika mtoto mara moja. Wewe unataka azike tena, tena kwa simu, mbele ya watoto? Una roho ya jiwe?"

Swali hilo lilimuuma Deolinda, kwa sababu Wilfrido hakuwa mwovu. Alikuwa na huruma, na huruma yake ilikuwa na akili. Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, lakini hii ilikuwa ndefu kutoka ghuba hadi Potrero Yvoty, na hakuna mtu ambaye angeitembea kwenda kuhakikisha. Ingefaulu. Alijua kabisa kwamba ingefaulu.

Kilichomzuia ni mwezi wa nne. Kwao, mtoto mdogo akifa ni malaika. Havaliwi nguo nyeusi. Hulazwa juu ya meza amevishwa nyeupe, na maua ya karatasi kichwani, kinubi kikipigwa, na wazee wakigawa peremende. Na mama yake halii. Halii kwa sababu kila chozi la mama hulowesha mabawa ya mtoto, na mabawa yakilowa hawezi kupaa, atabaki njiani kati ya ardhi na mbingu. Marciana alipofungua mdomo kulia kando ya meza ya Blasito, wanawake walimrukia kwa upendo. Aliyemfika wa kwanza alikuwa Deolinda. Alimfuta macho kwa kitambaa chake mwenyewe, akamnong'oneza, "Usilie, mama, utamlowesha mabawa." Marciana akameza kilio chake kizimakizima, na tangu siku hiyo alitabasamu kila asubuhi akigawa maziwa, na kijiji kizima kikamsifu kwa uvumilivu.

Deolinda alikuwa amemsifu pia. Sasa, jikoni mwa kambi, aliona kwamba hawakumfariji yule mwanamke hata kidogo. Walimziba mdomo. Na huyu Wilfrido na ndama wake wa rasi alikuwa akimletea kitambaa kingine.

"Nitawaambia," alisema.

"Basi Mungu akusaidie," alisema Wilfrido. Lakini Ijumaa ilipofika alikuja mwenyewe akaketi kando yake, akamzibia upepo kwa mgongo wake mpana.

Simu ilipokelewa kwa kelele za watoto. Marciana alikuwa karibu; sauti yake ilitangulia ya Ña Eduvigis. "Profe, anaendeleaje? Uchovu umemwisha?"

"Watoto, kaeni chini," alisema Deolinda. "Wote. Marciana, na wewe kaa." Akasubiri madawati yatulie. "Nina habari mbaya, na nitaisema mara moja. Blasito wetu wa huku amekufa. Ndege walimjeruhi, akaishiwa nguvu. Nimemwona kwa macho yangu na nimemshika kwa mikono yangu. Hakuna nilichoweza kufanya."

Mtoto mmoja alianza kulia, kisha wengine. Katikati ya vilio vyao sauti ya Marciana ilikuja ndogo na kavu.

"Alikuwa peke yake?"

"Hapana. Mama yake alikuwapo."

"Alifanya nini, huyo mama?"

Wilfrido alimtazama Deolinda akatikisa kichwa polepole, akimsihi aishie hapo.

"Alilia, Marciana. Siku nzima. Sisi tuliokuwa juu ya genge tulimsikia."

"Na hakuna aliyemkataza?"

Deolinda aliisogeza simu karibu na mdomo. "Hakuna, mama. Nani angemkataza?"

Ndipo kikatoka. Kilio kile hakikuanza kidogo kikakua. Kilitoka chote, kilio cha miezi yote ile, hata spika ya simu ikashindwa nacho ikawa inakwaruza. Wilfrido alifunika uso kwa kofia. Nyuma ya kilio Deolinda alisikia kiti kikisukumwa na sauti ya Ña Eduvigis, mwanamke mwema asiyemtakia mtu baya: "Marciana, binti yangu, nyamaza, mabawa ya mtoto! Mabawa—"

"Mwacheni!" Deolinda alipaza sauti ambayo ndani ya darasa hajapata kuitumia. Watafiti waliokuwa mbali kwenye darubini waligeuka kumtazama. "Ña Eduvigis, kwa heshima zote, usimguse. Mimi ndiye niliyemkataza kulia mbele ya mwanawe, na nilikosa. Mwacheni alie."

Kiti hakikusogea tena. Marciana aliendelea, na kati ya pumzi na pumzi alikuwa akilitaja jina, na ilikuwa wazi kwa kila aliyesikia, hata kwa watoto, kwamba hasemi juu ya nyangumi.

Baada ya muda Nilda aliisogelea simu. Pumzi zake zilisikika karibu sana.

"Profe," alinong'ona, "Ña Eduvigis naye analia. Tukate?"

"Usikate, mwanangu. Mpelekee Marciana maji, halafu kaa naye."

Akaiweka simu juu ya goti lake, sauti ikiwa juu vilevile, akabaki anasikiliza.