Kofia Iliyobaki Ndivani

Naftali hakuwa mtu wa kusahau. Mzee wa kanisa huyu, ambaye Myamba nzima ilimjua kwa kukariri zamu ya maji ya kila shamba, asubuhi hiyo alimwita mkewe Asteria kwa jina la marehemu dada yake, na kijiko cha uji kikamponyoka mkono wa kulia. Watu walikwisha sema yao: uzee huo, tena pombe ya dengelua imemzidi. Dengelua! Mtu ambaye hata divai ya meza ya Bwana huinusa tu. Asteria alimeza hasira, akampeleka hospitali ya mlimani, shemeji yake Zephania akimshika mgonjwa ubavu wa pili.

Daktari, binti mpole aitwaye Victoria, alimwambia Naftali anyooshe mikono yote miwili. Wa kulia ukashuka wenyewe. Akaeleza bila kuzunguka kwamba dalili zinafanana na kiharusi, na kama ni hicho, ataanza vidonge vya kulainisha damu hapahapa. Lakini kama aliumia kichwa, hata wiki kadhaa nyuma, huenda damu inavuja polepole chini ya fuvu na kuugandamiza ubongo. Hapo vidonge hivyo vingemmaliza. Ingebidi akimbizwe Moshi kwa kipimo cha kichwa na madaktari wa kutoboa fuvu.

"Mama, aliwahi kuanguka?"

Asteria alitazama sakafu. Alianguka, ndiyo. Wiki tatu nyuma, alfajiri, mahindi yakimkaukia shambani, Naftali alikwenda ndivani, kwenye bwawa la zamu, kufungulia maji siku isiyo yake. Akateleza, kisogo kikagonga jiwe. Alirudi bila kofia, akamwapisha mkewe asimwambie mtu. Mwizi wa maji hupigwa faini mbele ya kijiji kizima, na kwa mzee wa kanisa faini si kitu. Aibu ndiyo haifutiki. Na mwenyekiti wa kamati ya maji ni nani? Zephania huyohuyo, amesimama hapo na mkono begani kwa kaka yake.

Kalamu ya daktari ilisubiri. Basi mume afe, heshima ibaki? Potelea mbali heshima.

"Alianguka ndivani," alisema. "Alikwenda kuiba maji."

Zephania hakushtuka hata kidogo, na hilo ndilo lililomtisha Asteria.

"Najua, shemeji. Niliikuta kofia yake pale kwenye mlango wa maji, ina damu. Nikaificha, kamati isijue."

Wiki tatu! Asteria alitamani kumzaba kibao. Kisha akakumbuka yeye mwenyewe alikuwa amenyamaza siku zilezile, akaona uchungu.

Huko Moshi walimtoboa matundu mawili, ikatoka damu ya siku nyingi, nyeusi kama kahawa. Mpasuaji alisema wangechelewa siku mbili tu wangemzika. Kesho yake Naftali aliinua mkono wa kulia, akapapasa bandeji, akauliza kofia yake iko wapi.

Zephania aliitoa mfukoni. Doa lilikuwa palepale. Naftali alilitazama, akamtazama mdogo wake.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ileile."

Naftali akamgeukia mkewe. "Wewe nilikuapisha," alisema taratibu. Halafu akarudisha macho kwa Zephania, ambaye hakuapishwa na mtu, na bado alificha.