Msimcheke Anayejifunza Kusema na Bibi

Uvumi ulianzia kwa muuza tempe, vile vipande vya soya: eti Wening wangu ana kiburi cha shule, bibi yake hamsemeshi. Nikausikia kisimani, nikausikia arusini, nikalala nao. Kiburi hakuwa nacho. Lakini kweli mtoto alikuwa haongei.

Huku kwetu Java, kula kwa mtoto ni nedha, kula kwa mkubwa ni dhahar. Shuleni wanafundishwa Kiindonesia. Haya ya nyumbani wanayaokota tu, wanayachanganya. Siku ya Idi Wening alimpigia magoti bibi yake, Mbah Karsi, akaomba radhi vizuri, kisha akamkaribisha chakula. Dhahar akajipa mwenyewe, nedha akampa bibi.

Wifi yangu Sumirah akaangua kicheko. "Haya, mpisheni malkia! Yeye anakula kifalme, mama yangu ajilie tu huko!"

Sebule nzima ikacheka. Bibi hakucheka. "Mwacheni bwana, mimi nimemwelewa."

Tangu hapo Wening, bibi akimsemesha, akawa wa kutikisa kichwa tu.

Bibi akaugua, akawa hainuki tena. Niliomba jambo moja tu, aisikie sauti ya mjukuu wake kabla hajaondoka. Mwenyewe alimwita: "Mjukuu wangu, niongeleshe. Hata hicho Kiindonesia chako cha redio, sawa tu." Mtoto akafungua mdomo, akamwona Sumirah mlangoni, akaufunga. Akabaki kumkanda miguu.

Asubuhi moja nikamkuta jikoni anakoroga uji, ananong'ona: "Mbah, karibu dhahar. Mbah, karibu dhahar." Akageuka. "Ndivyo, mama?"

"Ndivyo. Nenda."

"Nikikosea je?"

"Nenda tu, mwanangu, uji unapoa."

Akarudia kwanza, kuhakikisha. Tulipoingia na bakuli, Sumirah alikuwa anamfunika mama yake uso.

Wening akapiga magoti pale pale, akalisema lote bila kosa. Sumirah akatoka nje.

Muuza tempe alikuja mazishini, habari imeshamfika. "Kumbe anajua kuongea," akasema.

Nyie wenye watoto, epukeni haya:

Kumcheka anapochanganya maneno.
Kumwita malkia, hata kwa utani.
Kumsahihisha mbele ya watu.
Kumsubirisha mpaka ajue vizuri.
Kusema ana kiburi kabla hamjamuuliza.