Matairi ya Zarja

Kila mwaka, Jumamosi iliyo karibu na sikukuu ya Mtakatifu Martin, mimi hulifunga gari la binti yangu matairi ya theluji. Sheria ya nchi inataka yawe yamefungwa ifikapo tarehe kumi na tano Novemba. Sheria yangu inataka yafungwe kabla bata bukini wa sikukuu hiyo hajafika mezani na kabla divai mpya haijaonjwa. Zarja na mumewe wanaishi ghorofani huko Kranj, wala hawana mahali pa kuyahifadhi, hivyo matairi hayo hukaa katika banda langu la kuni hapa Grahovo, kila moja likiwa na alama yake ya chaki: mbele kushoto, mbele kulia, nyuma kushoto, nyuma kulia.

Mwaka huu mkwe wangu Tilen alikuja na wazo jipya.

"Baba, si tuyapeleke gereji tu? Wana mashine. Dakika ishirini, kwisha kazi."

"Hiyo mashine inampenda Zarja?"

"Haimpendi, lakini pia haiumwi kiuno."

Mke wangu Slavka alicheka hadi akalazimika kuweka sufuria chini. Zarja akamvuta mumewe mkono. "Mwachie, bwana. Ukimnyima kazi hii atanuna mpaka Pasaka."

Nikafanya kazi, Tilen akiwa msaidizi. Tulipofika tairi la pili aliinama, akatazama ubavuni. "Baba, hapa pana mshale wa kuonyesha linakozungukia. Tusiuangalie?"

"Chaki hiyo niliandika mwenyewe," nilimjibu. "Wewe shika jeki."

Sikuangalia mshale. Nililelewa katika nyumba ambamo mtu aliamini alichokiandika kwa mkono wake, na nimeishi hivyo kwa fahari miaka sitini.

Usiku theluji ya kwanza ilianguka. Asubuhi, baada ya kahawa, Zarja na Tilen waliondoka kuelekea Kranj kwa njia ya mlimani. Nilibaki uani na koleo, nikazitazama njia mbili walizoacha mpaka langoni. Kashata za matairi yale, yaani mikato ya mpira wake, zimechongwa kwa umbo la ncha ya mshale, na katika theluji ile ncha zote zilielekea langoni. Jambo hilo halikunipendeza. Niliwasha gari langu, ambalo matairi yake ni ya namna hiyohiyo, nikalisogeza mbele hatua chache kuelekea langoni, sambamba na alama zao, nikashuka. Ncha za kwangu zilielekea nyumbani.

Ndipo nikakumbuka. Aprili, nilipoandika chaki, nilikuwa nimesimama mbele ya gari, nimelitazama usoni. Kushoto kwangu kulikuwa kulia kwa dereva. Matairi yote manne yalikuwa yakizunguka kinyumenyume, na tairi la namna hiyo halitupi nje theluji iliyoyeyuka. Linaikusanya chini yake, na gari huelea. Binti yangu alikuwa akielekea mlima wa Petrovo Brdo, penye kona nyingi, kwa kosa langu.

Nilipiga simu. Kwa kuwa Zarja alikuwa kwenye usukani, aliyepokea ni Tilen, mtu wa mwisho niliyetaka kumwambia.

"Mko wapi?"

"Podbrdo, karibu na stesheni. Vipi, baba? Tumesahau soseji?"

"Simameni hapo. Msipande mlima. Nimefunga matairi kinyume. Ulisema tuangalie mshale, mimi nikakataa. Wewe ulikuwa sahihi."

Kisha nikasikia sauti yake, pembeni ya simu: "Zarja, egesha. Baba anakuja."

Nilimweleza Slavka kosa langu, nikaondoka. Niliendesha polepole kuliko nilivyowahi kuendesha, na jeki na spana vikigongana nyuma. Niliwakuta wamesimama mbele ya stesheni, Tilen ameshalegeza nati za upande mmoja.

"Karibu, fundi mkuu," alisema. "Leo mashine ingekuwa imeshakunywa chai."

"Sema yote. Nimestahili."

"Siyo leo, baba. Vidole vinaganda." Akanivua glavu zangu zilizolowa, akanipa zake zilizo kavu.

Tulihamisha ya kulia kwenda kushoto na ya kushoto kwenda kulia, mbele kisha nyuma. Kila tairi lilipokaa, Tilen alisoma mshale kwa sauti, nami nikauthibitisha kwa kidole kabla ya kukaza. Tulipomaliza nilikusanya vifaa ili nirudi zangu. Zarja akafungua mlango wa abiria.

"Panda."

"Mama yako ananisubiri na chakula."

"Tilen atakuja na gari lako. Panda, baba. Nataka uyaone yanavyoshika."

Sikuwahi kuwa abiria katika gari la mtoto wangu. Nilikaa, nikafunga mkanda. Kona ya kwanza nilikanyaga breki isiyokuwepo. Ya tatu nikaacha, nikamwomba Zarja radhi. Gari lilipanda mlima kwa utulivu, na binti yangu alishika usukani kwa mikono miwili, kama nilivyomfundisha.

Kileleni nilimpigia Slavka nimweleze kwamba sitakula nyumbani.

"Umewaomba radhi?" aliuliza.

"Wote wawili."

"Basi nitamla huyu bata peke yangu," akasema, "kwa furaha."