Moshi wa Kabla

"Jiko hili limetembea kuliko sisi sote," dada alisema, akilifuta vumbi kwa kitambaa. "Ona, bado lina kibandiko cha maonyesho tumboni."

Mdogo wake alicheka kwa aibu. Mtaa mzima ulimwita Injinia tangu utotoni, enzi alipokuwa akifungua redio za majirani na kushindwa kuzifunga. Siku hizi jina lilikuwa limemkaa sawasawa. Watu wa televisheni walikuwa njiani kuja kuzungumza naye katika kipindi chao cha vijana wanaoleta mabadiliko, na wote walitaka kuliona jiko lake la udongo, lile lisilotoa moshi.

"Safari hii linabaki, dada. Nimekuahidi."

"Na lile la pili uliniahidi."

"La pili lilipasuka tanurini, unajua."

"La kwanza je?"

"Liko ofisini kwa wafadhili. Wameliweka kwenye kabati la kioo."

"Linawapikia nini humo kabatini?"

Mama yao, aliyekuwa kwenye kigoda mlangoni, aliangua kicheko, na kicheko kikageuka kikohozi. Aligeukia ukutani, akaziba mdomo kwa kiganja, akakohoa kwa adabu, kama mtu anayesafisha koo kabla ya kusalimia.

Dada alichemsha maharage na kuwauzia mafundi wa ghorofa lililokuwa likijengwa nyuma ya nyumba yao. Maharage hayana haraka na mtu. Yanataka moto tangu alfajiri, moto usiolala. Yeye akienda kuteka maji na kuchambua maharage ya kesho, mama ndiye aliyebaki kuuchochea. Mwenye nyumba alikataza kuwasha moto uani, kwa hiyo moshi wote uliishia humo jikoni, katika chumba cha mabati chenye kidirisha kimoja kilichowekwa kama kwa kusahau. Daktari alipomsikiliza mama kifua, alisema jambo moja tu: mtoeni kwenye moshi. Dada akauliza, "Nimpeleke wapi?" Daktari akatazama foleni iliyokuwa nyuma ya dada.

Injinia alilibuni jiko lile kwa ajili ya kifua hicho. Hilo alilisema kila alipohojiwa, na lilikuwa kweli.

Wageni waliingia wakiwa wawili: mtangazaji, binti mpole mwenye sauti ya kubembeleza, na mpiga picha mnene aliyeinama mlangoni na bado akagonga kichwa. Mwanga ulikuwa mzuri, wakasema, basi waanze na jiko jipya. Dada akaliteleka sufuria la maharage. Vijiti vichache vikaingia kwenye tundu la jiko, vikashika, na hewa ya chumba ikabaki vile vile.

Mama alinyanyuka, akakivuta kigoda chake kutoka mlangoni hadi karibu kabisa na jiko. Akainama kuchungulia.

"Moto wenyewe uko wapi?"

"Uko ndani, mama," Injinia alisema. "Unafanya kazi kimya kimya."

"Kama baba yako, basi. Naye ulikuwa huwezi kujua kama yupo."

Wakacheka hata wageni. Mtangazaji akachuchumaa, akasogeza kinasa sauti. "Mama, tuambie, jiko la mwanao limebadili nini katika maisha yako?"

Mama alifikiri. Macho yake yalizunguka chumbani polepole, yakatua upande wa pili.

"Leo nimeuona ukuta ule," alisema. "Una ufa. Kumbe una ufa."

"Vizuri sana, mama. Ila usiseme leo. Sema siku hizi."

Mama akamtazama mwanawe. Injinia alikuwa akikagua kucha zake zilizojaa udongo.

"Siku hizi nauona ukuta ule," mama akasema.

Dada aligeuka, akajifanya anatafuta mwiko ambao alikuwa nao mkononi.

Kisha mtangazaji akasema wanahitaji picha za kabla. Watazamaji lazima waone familia ilikotoka. Ilikotoka! Dada alitaka kumwambia kwamba jana jioni tu walikuwa huko, lakini yule binti aliomba kwa upole mno, na Injinia alikwisha kunyanyua sufuria. Aliliteleka juu ya mafiga matatu ya zamani, hapo hapo kando ya jiko, akapanga kuni, akawasha. Moshi ukapanda kidogo.

"Zaidi kidogo," mpiga picha alisema. "Hapa hauonekani."

Injinia akachota maji kiganjani, akanyunyizia kuni. Hakumtazama dada yake. Moshi ukavimba, mzito, wa manjano, ukajikunja chini ya bati na kuwarudia usoni.

"Mama, kaa hapo hapo. Na kikohozi kidogo tu, kama kipo," mtangazaji aliomba.

Mama aliketi wima kwenye kigoda, machozi yakimtiririka, akatabasamu. "Hakiji, mwanangu. Mbele ya wageni hakiji."

Aliyekohoa ni mpiga picha. Alikohoa mpaka kamera ikatikisika, akatoka mbio, akagonga kichwa tena. Mtangazaji alimfuata nje akijifuta macho kwa mkono wa blauzi. "Jamani," alikuwa akisema, "jamani, mnaishije?" Alikuwa akilia kweli, wala si moshi peke yake.

Simu yake ililia akiwa huko uani. Aliposhusha simu, alimwita Injinia, wakanong'ona. Injinia akarudi hadi mlangoni, akasimama na mguu mmoja ndani.

"Dada."

"Usiniambie."

"Majaji wa lile shindano nililoingia hawataki picha. Wanataka kulishika wenyewe, kesho asubuhi. Nikishinda watanijengea karakana. Yatatoka majiko ya mtaa mzima, dada. Kila mama..."

"Na huyu mmoja?"

Injinia aliingia, akalinyooshea jiko mikono. Vidole vyake vilikuwa na makovu ya tanuri, vingine bado vibichi. Angalikuwa mwongo, dada angalijua la kumwambia. Alitafuta neno, la matusi au la kusihi, akaona kila analolishika linageuka na kumlaumu yeye: nani anayewanyima akina mama wote wa mtaa pumzi kwa ajili ya mama yake?

"Mpe kitambaa," mama alisema kutoka ndani ya moshi. "Bado lina moto, litamuunguza."

Dada akakitoa kitambaa.

Gari la wageni liliondoka na jiko likiwa limefungwa mkanda kiti cha nyuma, kama abiria. Injinia alipunga mkono hadi walipokata kona.

Ndani, maharage yalikuwa bado juu ya mafiga. Hakuna aliyekumbuka kuyaondoa. Kule kwenye ghorofa nyundo zilianza kupungua, moja moja, jinsi zinavyopungua mafundi wanapoanza kuitazama njia ya chakula.

"Wamekwenda?" mama aliuliza.

"Wamekwenda."

Ndipo kikaja. Kilikuja chote kwa pamoja, kile alichowafichia wageni na kile cha jana na cha juzi, kikamkunja mama juu ya magoti yake hadi kitambaa cha kichwa kikaanguka. Dada akapiga magoti, akauvuta ukuni mkubwa kutoka chini ya sufuria, akautupa pembeni. Maharage yakanyamaza.

Akamsugua mama mgongo. Mifupa ilipanda na kushuka chini ya kiganja chake, kisha ikatulia.

"Yameiva?" mama aliuliza, akifuta mdomo.

"Bado kidogo."

"Basi mbona umezima?"

Nje, nyundo ya mwisho ilinyamaza. Dada akauokota ule ukuni, ncha yake nyekundu ikififia. Kigoda cha mama kilikuwa pale pale alipokisogeza asubuhi, karibu kabisa na moto. Akaurudisha ukuni, akainama, akapuliza. Maharage yakaanza tena kunong'ona, na ule ukuta wenye ufa ukaanza kupotea, kuanzia juu.